Video ya harusi ya Pemba ina haja gani ya kupitia seva za ng'ambo?

Mtu wa Chake Chake akitaka kumrushia ndugu yake wa Wete video ya harusi, mara nyingi anaitia WhatsApp. Video inabanwa mpaka bibi harusi hatambulikani, inapita kwenye seva za kampuni ya Marekani, ndipo irudi Pemba. Wajuzi watasema, "Itume kama dokumenti, haibanwi, na inapokea mpaka GB 2." Sawa, ila safari ni ile ile.

Mimi naona kugawana mafaili moja kwa moja, mashine kwa mashine, bado kuna kazi kubwa visiwani kwetu. Wengi wakisikia hivyo wanafikiria wizi tu, na si ajabu: Napster ya 1999, programu ya kugawana nyimbo, ilizimwa 2001 baada ya kesi, na nyingine kama hiyo, LimeWire, ikafuata 2010. Lakini mwaka ule ule wa 2001 Bram Cohen alileta BitTorrent, ambamo faili hukatwa vipande na kila anayepakua huwagawia wenziwe alivyokwisha kupata. Hapo hakuna ghala moja la kulitia kufuli. Hata Spotify, huduma ya kusikiliza nyimbo mtandaoni inayosifiwa kuwa ndiyo dawa ya wizi, ilianza kwa ufundi huo: mpaka 2014 programu yake ya kompyuta ilikuwa ikichota vipande vya nyimbo kwa wasikilizaji wengine. Hilo huwa halitajwi sana.

Tunaambiwa siku hizi hakuna haja ya kuweka faili, kila kitu kiko mtandaoni. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini na intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya. Aliyejaza memori kadi yake Darajani, mjini Unguja, aliendelea na taarab yake kama kawaida.

Hao vijana wa kujaza kadi ndio mtandao wetu wa zamani. Laptop moja, kisomea kadi, mafolda yamepangwa: taarab, kaswida, Bongo Fleva, za Kihindi. Unatoa kadi, unachagua, unalipa, unaondoka. Msanii hapati hata senti, na hilo silitetei. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki tangu 2003, na wapiga qanuni na fidla ni jirani zetu. Ila kosa liko kwenye kinachonakiliwa, si kwenye kunakili.

Tizama skuli. Mwalimu ana noti na mitihani iliyopita kwenye laptop, wanafunzi arubaini wana simu za wazee wao. Wote wakipakua kutoka Google Drive, ghala la mafaili mtandaoni, ni bando arubaini. Kwa Quick Share au Xender, programu za kurushiana mafaili simu kwa simu bila intaneti, mmoja anampa mwenziwe naye anampa wa tatu, na MB haiguswi. Kwa ofisi ndogo au studio ya picha mimi ningependekeza Syncthing, programu ya kuweka mafaili sawa kwenye mashine zako zote: ni ya bure, faili linasimbwa njiani asilisome mwengine, na linakaa kwenye mashine zako mwenyewe. IPFS, mfumo mwengine wa kugawana mafaili unaolitambua faili kwa alama yake badala ya mahali lilipo, ni ufundi mzuri, lakini simuoni mwalimu wa Micheweni akihangaika nao.

Tatizo linaanza mkiwa mbali. Kampuni za simu huwarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, kwa hiyo simu ya Wete haiwezi kuibishia hodi simu ya Chake Chake kwa urahisi. Lazima ipatikane seva ya kuwakutanisha, na mara nyingine faili lote hupitia humo. IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, ingesaidia, kwani anwani zake zinatosha kila simu. Na hata zikionana, bando halijui jirani: MB ya kwenda Wete inakatwa sawa na ya kwenda London. Kampuni hizo hizo zinajua kutuuzia bando la usiku na bando la mitandao ya kijamii. La ndani ya visiwa, kwa bei ya chini, linawashinda nini?