Magugumaji, Fukusi na Mtihani: Je, Mifumo Changamano Ifundishwe Shuleni?

Mwaka 1997 fukusi, wadudu wadogo, waliachiliwa katika Ziwa Victoria upande wa Kenya ili wayale magugumaji yaliyokuwa yameziba sehemu za ghuba ya Winam. Miaka michache baadaye, sehemu kubwa ya magugumaji hayo ilikuwa imetoweka. Wanasayansi hawakuafikiana kuhusu chanzo cha mabadiliko hayo: baadhi yao waliwapa fukusi sifa zote, na wengine wakashikilia kwamba mvua za El Niño za 1997 na 1998, pamoja na mawingu yaliyopunguza mwanga wa jua, ndizo zilizoidhoofisha mimea hiyo. Ubishi huo uliendelea katika majarida ya kitaaluma hata baada ya magugumaji yenyewe kurudi kwa kishindo kufuatia mvua kubwa za mwishoni mwa 2006. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kisumu akiulizwa katika mtihani ataje njia moja ya kuyapunguza magugumaji, ataandika "fukusi", atapewa alama yake, na kuendelea na swali linalofuata.

Ziwa hilo ni mfano wa mfumo changamano, yaani mfumo wenye sehemu nyingi zinazoathiriana kiasi kwamba mwenendo wa mfumo mzima hauwezi kukisiwa kwa kuichunguza kila sehemu peke yake. Katika mifumo ya aina hii matokeo hugeuka na kuwa sababu, athari huchelewa kuonekana, na badiliko dogo linaweza kupita bila kishindo kwa muda mrefu kabla ya kuvuka kiwango ambapo kila kitu hubadilika ghafla. Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2021 iliwaendea Syukuro Manabe, Klaus Hasselmann na Giorgio Parisi kwa kazi zao kuhusu mifumo kama hiyo, na nchini Marekani viwango vya ufundishaji wa sayansi vilivyotolewa mwaka 2013 vinaitaja dhana ya mfumo miongoni mwa zile zinazopaswa kupitia masomo yote ya sayansi. Kwetu Kenya, nafasi ilifunguka mwaka 2023 sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi ya 9) ilipoanza na somo la Sayansi Jumuishi, ambalo linaleta pamoja biolojia, kemia na fizikia. Jina lenyewe lina ahadi kubwa. Sina hakika kwamba mada zilizomo, zikiwa zimepangwa moja baada ya nyingine, zinaitimiza.

Wanaotaka mifumo hii ifundishwe mapema wana hoja nzito, hasa katika eneo letu. Mtoto wa Dunga au Homa Bay hujifunza msururu wa chakula kama mstari mnyoofu: mwani, samaki mdogo, samaki mkubwa, binadamu. Historia ya ziwa haikufuata mstari huo. Mbuta (sangara), samaki mkubwa anayekula samaki wengine, aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na alipoongezeka kwa kasi katika miaka ya 1980 aina nyingi za fulu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, zilitoweka. Baadhi ya fulu hao walikuwa wakila mwani, na kutoweka kwao kulikuja wakati ambapo mbolea na udongo vilikuwa vikiingia ziwani kupitia mito kama Nyando na Nzoia. Mbuta ana mafuta mengi, kwa hiyo hakaushwi juani kwa urahisi kama omena (dagaa). Hubanikwa au kukaangwa, na kuni za kazi hiyo zilitoka katika miti iliyokuwa ikizuia udongo usisombwe na maji. Magugumaji nayo, yanayolishwa na virutubisho hivyohivyo, huwahifadhi konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Hapo uvuvi, misitu, kilimo na afya vimekutana katika suala moja, na mwanafunzi aliyefunzwa kila kimoja katika sura yake hana namna ya kuliona.

Nakuru kuna somo la aina yake. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka, hivyo maji yake huondoka hasa kwa kugeuka mvuke. Kina kilipopanda tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, chumvi ilipungua, vijimea ambavyo ni chakula cha flamingo vikapungua, na ndege wengi wakahamia maziwa mengine, likiwemo Bogoria. Lango kuu la zamani la mbuga lilifunikwa na maji. Wapo wanaolaumu mvua, wapo wanaotaja ukataji wa msitu wa Mau, na wapo wanaosema ardhi ya Bonde la Ufa imesogea. Raia atakayepiga kura kuhusu masuala haya anahitaji kuwa ameshazoea kupima sababu kadhaa kwa pamoja.

Wapinzani nao hawasemi ovyo. Mwanafunzi ambaye hajaelewa usanisinuru, wanasema, hawezi kuchambua ziwa, na kumrundikia mahusiano kabla ya misingi ni kumchanganya. Aidha, walimu wengi wa sekondari walisomea masomo mawili tu ya kufundishia, na sasa wanatakiwa kufundisha Sayansi Jumuishi nzima katika madarasa yenye wanafunzi wengi. Hoja ya misingi inanishawishi kwa kiasi tu, kwa sababu mtoto anayevuna omena na nyumbani kwao wanalima shamba la miwa tayari anajua mambo mengi ambayo kitabu kinadhani bado hajafunzwa. Ile ya walimu ni kweli tupu, wala haina dawa ya haraka.

Pingamizi linaloniumiza kichwa ni jingine: kwamba somo la mifumo huishia kuwa porojo. Mwalimu huchora mishale ubaoni, kila kitu kikielekea kila kitu, wanafunzi hukubali kwamba mambo yote yanahusiana, na hakuna anayeweza kukosea. Kauli isiyoweza kukosewa si sayansi. Nadhani wapinzani wana haki kamili hapa, na kwamba jibu pekee ni kuleta hesabu.

Chukua magugumaji tena. Katika hali nzuri huweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Darasa la Gredi ya 8 linaweza kuanza na hekta moja na kuzidisha kwa mbili: baada ya wiki 20 ni hekta 1,024, na baada ya wiki 34 ni hekta 131,072, karibu ghuba yote ya Winam, ambayo ina takriban kilomita za mraba 1,400. Lakini hata kilele kilipofikiwa mwaka 1998, magugumaji katika maji ya Kenya yalifunika takriban hekta 17,000 tu. Kwa nini hesabu imekosea kiasi hicho? Swali hilo ndilo somo. Wanafunzi watalazimika kutafuta kilichoyazuia: upepo unaoyasukuma, kubanana, uhaba wa virutubisho, fukusi, na kila jibu litabidi lirudi kwenye hesabu ili lionekane linaibadilisha kwa kiasi gani. Zipo programu za bure za kufanyia kazi hii, NetLogo ikiwa mojawapo, lakini shule isiyo na kompyuta inaweza kutumia daftari na punje za maharagwe. Kinachohitajika zaidi ni vipindi, na hapo ndipo ugumu ulipo: wiki mbili za ziwa moja ni wiki mbili ambazo mada nyingine haitaguswa.

Ndiyo maana uamuzi hauko mikononi mwa mwalimu peke yake. Mwongozo wa kusahihisha unaotoa alama kwa neno moja utaua mpango huu hata mtaala ukiusifu, kwa kuwa mwalimu hupimwa kwa matokeo ya watoto wake. Tathmini za shuleni, ambazo sasa huchangia alama za mwanafunzi, zinaweza kubeba swali refu zaidi: mpe mtoto takwimu za mvua na za eneo lililofunikwa na magugumaji, mwambie aeleze ni sababu ipi inaungwa mkono na takwimu hizo na ipi haiungwi, kisha mpe alama nyingi zaidi kwa sehemu ya pili. Swali kama hilo husahihishwa polepole, na walimu wawili wanaweza kutofautiana alama moja au mbili. Mimi ningeikubali hasara hiyo katika Gredi ya 7 na ya 8. Katika mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 9, unaochangia kuamua mtoto atakwenda sekondari pevu ipi, ningesita.