Orodha ya filamu bora haijapita kibanda umiza

Kila baada ya miaka kumi, jarida la Sight and Sound la Uingereza huwauliza wahakiki wa nchi mbalimbali wataje filamu bora za wakati wote. Mwaka 1952 iliongoza Bicycle Thieves ya De Sica. Kuanzia 1962 hadi 2002 ikatawala Citizen Kane, 2012 ikaja Vertigo, na 2022 ikapanda Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, iliyotoka 1975. Sisi wa ughaibuni tumezoea kuibeba orodha hiyo kama msahafu, halafu tukirudi likizo tunawashangaa watu wa nyumbani kwamba hawazijui hizo filamu. Mimi naona orodha ile imepigiwa kura na watu waliokaa kwenye kumbi za aina moja. Badilisha ukumbi, na orodha itabadilika.

Chukua hiyo hiyo Jeanne Dielman. Dakika 201 za mama mjane wa Brussels anayepika, anayeosha vyombo, na mchana anapokea wanaume wa kulipa. Kamera imetulia tuli. Siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi, naye anahangaika na sufuria mkononi, chumba hadi chumba, hajui avifanye nini. Hapo ndipo unapotambua kwamba mambo yake yameanza kwenda mrama. Usiposikia swichi ya taa na visigino vyake sakafuni, hujaiona filamu. Kwenye ukumbi wa BFI Southbank, London, pale chini ya daraja la Waterloo, inawezekana: giza, simu zimezimwa, hakuna anayenong'ona. Ipeleke kwenye kibanda umiza, banda la mtaani la kuonyesha video, chenye feni inayounguruma na muuza karanga anayepita katikati ya mabenchi, itakufa kabla ya dakika ya kumi. Na hapo usiwalaumu watazamaji. Ukimya ni kifaa cha filamu ile kama projekta ilivyo kifaa, na kibanda hakina.

Seven Samurai ya Kurosawa, ya 1954, ni habari nyingine, na kwangu ndiyo namba moja. London huangaliwa kwa adabu, kama watu wako ibadani. Lakini ndani yake mna hesabu inayodai kelele. Majambazi wanaokivamia kijiji ni 40. Kambei, kiongozi wa samurai, amechora duara kwa kila jambazi, na kila anayeuawa anafutwa kwenye karatasi. Majambazi wana bunduki tatu. Samurai Kyuzo anaondoka peke yake usiku na kurudi alfajiri na moja. Mwenzake Kikuchiyo, kwa wivu, anaacha lindo lake na kwenda kuleta ya pili. Imebaki moja. Samurai wanne wanaokufa, wote wanakufa kwa risasi. Upanga haumwangushi hata mmoja.

Mtafsiri wa kibanda anayeijua kazi yake, mtu wa shule ya Lufufu kwa Tanzania au DJ Afro kwa Kenya, angeishika ile bunduki ya tatu asiiachie mpaka mwisho. Angekumbusha: "Moja bado iko nje!" Ukumbi mzima ungemwonya stelingi kwa sauti. Hiyo ni njia halali ya kuangalia filamu, na wasomi wa London wanaikosa. Hasara yake pia ipo: mtafsiri anapoongea, sauti ya filamu inashushwa, kwa hiyo muziki na mvua ya pambano la mwisho vinamezwa. Mtafsiri hodari hunyamaza pambano likianza. Mbovu anaongea mpaka majina ya waigizaji.

Sholay ya 1975 ndiyo inayonithibitishia hoja yangu, maana kizazi cha wazazi wetu kilizipenda filamu za Kihindi bila maandishi ya Kiswahili chini. Walifuata nyimbo, sura, na nani ni adui. Kwenye orodha za Ulaya ilichelewa sana kuheshimiwa. Wakaguzi wa India waliilazimisha ibadili mwisho wake: Thakur, anayelipiza kisasi, asimuue jambazi Gabbar, polisi wafike kwanza. Mwaka 2025 nakala iliyokarabatiwa, yenye mwisho wa awali, ilionyeshwa uwanjani Bologna, Italia. Wazungu wakaigundua! Wazee wa Dar walikuwa wanaijua siku nyingi.

Na isisemwe kwamba nyumbani hatukuwa na kumbi. Dar ilikuwa na Empire, Empress na Avalon, na kuanzia 1966 Drive-in ambako watu waliangalia wakiwa ndani ya magari. Mikanda ilikuwa ile ile ya milimita 35: picha 24 kwa sekunde, na rili ya futi 2,000 inayokwisha kwa dakika 22 hivi. Fundi alikuwa na mashine mbili. Rili ikikaribia kwisha, alama ya kwanza ikitokea kona ya juu kulia ya picha anawasha mota ya mashine ya pili. Sekunde kama saba baadaye inatokea ya pili, anahamisha. Akisinzia, watu wanabaki na kioo cheupe na miluzi inaanza. London bado zipo kumbi chache zinazoonyesha mikanda hiyo, ikiwemo Prince Charles karibu na Leicester Square, na huko alama hizo zinapokewa kama vito.

Kinachoniuma kwa upande wa nyumbani ni picha, wala si watazamaji. Na tiba yake haihitaji pesa. Kwanza, runinga mpya huja na ulainishaji wa mwendo umewashwa (Samsung waliuita Auto Motion Plus, kwenye runinga mpya Picture Clarity; Sony Motionflow). Uzime, la sivyo Kurosawa anafanana na tamthilia ya mchana. Pili, filamu nyingi za zamani zina umbo la 1.37 kwa 1, yaani upana kwa kimo. Ukizivuta zijaze kioo cha 16:9, kila mtu ananenepa kwa asilimia 30. Acha mistari myeusi pembeni. Tatu, DVD za mfumo wa PAL huendesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo dakika 207 za Seven Samurai zinakuwa 199 na sauti zinapanda kidogo. Hapo ndipo maandishi ya tafsiri uliyoyapakua yanapoanza kuachana na maneno, karibu dakika mbili na nusu kwa kila saa. Kubonyeza G na H kwenye programu ya VLC, kuyawahisha au kuyachelewesha maandishi, hakutasaidia, maana pengo linazidi kukua. Tafuta faili lililotengenezwa kwa picha 25, au libadilishe kwa programu ya Subtitle Edit.

Na ukiwaalika majirani, Jeanne Dielman iache kwanza. Anza na hao samurai saa moja jioni. Filamu ina mapumziko yake yenyewe katikati, muda wa kumimina chai, na mtamaliza kama saa nne na nusu usiku.