Ndugu wa Mechi Kubwa

Leo asubuhi, kabla sijamaliza kikombe cha chai, shemeji yangu amepiga simu kutoka Dar es Salaam kutujulia hali. Ameuliza afya, ameuliza kazi, ameuliza kama mgao wa maji umepungua, na yote hayo kwa upole ambao ulipaswa kunishtua mapema zaidi. Kisha, baada ya kuaga na kabla ya kukata simu, akauliza kama ni kweli Msimbazi, yaani Simba, wanakuja kucheza uwanja wetu wa Jamhuri mwisho wa mwezi. Nilimjibu kwamba sina hakika. Akanijulisha kwamba yeye anayo hakika, kwamba ratiba ameishika mkononi, na kwamba yeye na wenzake kadhaa wamekaa wakaona si vizuri ndugu wa damu kupoteana kiasi hiki.

Ninapenda ieleweke kwamba mimi na mke wangu si watu wachoyo. Tulihamia Dodoma kama walivyohamia wengi, kwa barua kutoka ofisini na kwa lori ambalo kabati letu liliachana na mlango wake mahali fulani kati ya Gairo na Kibaigwa. Uamuzi wa kuleta makao makuu huku ulipitishwa mwaka 1973, na watu wakaupigia makofi kwa zaidi ya miaka 40 wakiwa wamekaa palepale Dar es Salaam, mpaka mwaka 2016 tulipoambiwa kwamba makofi yametosha na sasa tufunge mizigo. Tukafunga. Katika miaka hiyo ya mwanzo hakuna ndugu aliyelia kwa kutukumbuka. Safari ya basi ilikula siku nzima, na Dodoma kwao ilikuwa ni vumbi, upepo na ndoo za maji zilizopangwa ukumbini. Waliotutembelea walikuwa na faili lililokwama wizarani, na faili lilipotoka, nao walitoka.

Katika upweke huo ndipo mimi na mke wangu tulipougundua mpira wa jiji letu jipya. Timu ya Dodoma Jiji ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2020, tulikwenda uwanjani mara ya kwanza kwa sababu hatukuwa na mahali pengine pa kwenda, tukaenda mara ya pili kwa sababu tulifurahi, na baada ya hapo tukawa Walima Zabibu kamili, kama timu inavyoitwa, ingawa hatuna hata mche mmoja. Asiyewahi kwenda Jamhuri siku ambayo mgeni ni Namungo hawezi kuijua raha ninayoizungumzia. Unafika dakika kumi kabla ya mpira kuanza. Unachagua kiti, na mguu unauchagulia kiti chake. Unamsikia kocha akimwita winga kwa jina lake, na winga akijifanya hajasikia. Mke wangu, ambaye Dar es Salaam alikuwa akizima runinga mpira ukianza, sasa ananunua karanga na zabibu za Mpunguzi, anakaa, na kwa dakika 90 anaeleza kwa nini yule hakuwa ameotea. Tumeoana zamani, lakini hatujawahi kuzungumza kiasi hicho.

Kwa mechi hizo hakuna aliyekuja. Sijasikia binamu hata mmoja aliyeamka alfajiri akasema kwamba roho yake haitatulia mpaka atuone tukicheza na Namungo.

Halafu ukafika mwaka 2024 na treni ya umeme, na safari iliyokuwa ya kutwa ikawa haifiki saa nne. Undugu uliokuwa umelala usingizi mzito ukaamka siku moja na kukata tiketi. Nilifurahi, na sioni aibu kulisema hilo, kwa kuwa nilidhani tumekumbukwa. Ilinichukua muda kugundua kwamba upendo huu unafuata ratiba ya ligi. Jangwani, yaani Yanga, wakija, ndugu wa upande wangu wanashuka kituoni. Msimbazi wakija, wanashuka wa upande wa mke wangu. Wiki ambazo timu yetu inasafiri kwenda Mbeya, simu ya nyumba yetu haina hata mtu wa kukosea namba.

Wageni hao sitawasema mmoja mmoja. Yuko binamu aliyekuja na fulana ya mikono mifupi, akakutana na upepo wa Dodoma wa usiku, akaazima koti langu, na koti hilo sasa linaishi Mbagala. Yuko mtoto wa dada wa mke wangu, ambaye alioga siku ya mgao kwa namna ya watu waliozaliwa jirani na bahari, mpaka tenki likatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Yuko na yule aliyetaka kupelekwa Mtumba kuona wizara, akaziona, akauliza bahari iko upande gani.

Lakini hao wote ni watu wa kawaida, na mbele ya shangazi yangu mtu wa kawaida hapaswi kutajwa mara mbili.

Shangazi yangu ni mtu wa Kariakoo, na amekuwa mtu wa Jangwani tangu kabla baba yangu hajaoa. Mpaka leo timu ya Msimbazi anaiita Sunderland. Ukimkumbusha kwamba jina hilo lilibadilishwa mwaka 1971, anakujibu kwamba yeye hakushirikishwa. Alituarifu kuwa anakuja kutusalimia, akafika siku ya Alhamisi, na mechi ilikuwa Jumamosi. Alikuwa na mkoba mdogo wa nguo na begi kubwa ambalo nilidhani limejaa nazi na dagaa kwa ajili yetu. Lilikuwa na bendera, kanga mbili za kijani na njano, na vuvuzela. Siku ya Ijumaa ikatangazwa kwamba ratiba imepanguliwa, kwa kuwa timu yake ina safari ya mashindano ya Afrika, na mechi yetu imewekwa kiporo mpaka itakapopangiwa tarehe nyingine. Nilimpelekea habari hiyo kwa sauti ya msiba. Shangazi akatikisa kichwa taratibu, akavua viatu, akasema, “Basi, mwanangu, nitaisubiri.”

Aliisubiri. Katika kipindi hicho vyombo vya jikoni vilihamishwa mara kadhaa, runinga ikapata mwenyewe, na mama muuza mboga wa mtaa wetu wa Ilazo, ambaye kwa miaka yote alinijibu kwa neno mojamoja, akamsimulia shangazi habari za ndoa yake mwanzo hadi mwisho. Mlenda aliukataa siku ya kwanza kwa maneno makali, na kabla mwezi haujaisha alikuwa akiniuliza kwa nini leo haujapikwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiangalia taarifa ya ratiba kila asubuhi, kwa bidii ambayo sijawahi kuiweka katika barua yoyote ya ofisini.

Siku ilipofika, tulitoka nyumbani saa nne asubuhi kwenda kutazama mpira wa saa kumi jioni. Mimi nilivaa jezi ya jiji, mke wangu akavaa jezi ya jiji, na shangazi akavaa rangi zake kuanzia kilemba mpaka kandambili. Nilimwonyesha kwa adabu upande ambao wenzake walikuwa wamejaa tangu asubuhi. Akautazama, akaona unapigwa na jua, akasema yeye hakutoka Dar es Salaam kuja kuanikwa. Kisha akatangulia moja kwa moja hadi kwenye safu yetu ya siku zote, katikati ya Walima Zabibu, akakaa katika kiti changu, na mguu wake akauweka pale ninapouwekaga wangu. Wazee wa Kigogo wa safu ya nyuma, ambao ni watu waungwana, wakamsalimu, “Mbukwenyi!” Shangazi akageuka na kuwajibu, “Marahaba, wanangu,” ilhali mdogo wao ana umri wa kumzaa.

Mpira ukaanza, na katika dakika za mwanzo mshika kibendera wa upande wetu akainua kibendera dhidi ya Jangwani. Shangazi akasimama. “Wee mwanangu! Mwanangu wa kibendera!” Kijana yule, ambaye bila shaka alilelewa vizuri na wazazi wake, alitenda jambo ambalo mwamuzi hapaswi kulitenda: aligeuka, akamwona mtu mzima, na akainamisha kichwa kidogo. Tangu hapo shangazi aliamini kwamba kati yao kuna mapatano. Kila kibendera kilipoinuliwa alimuuliza kama hivyo ndivyo alivyofundishwa nyumbani. Alimuuliza kama amekula. Alimwambia achomekee shati lake, na kwa macho yangu nilimwona kijana yule akijipapasa kiunoni.

Kipindi cha pili timu zikabadilishana magoli, na sasa waliokuwa wakishambulia upande wa kijana huyo tulikuwa sisi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mshambuliaji wetu akapenya, akabaki na kipa, uwanja mzima ukainuka, na kibendera nacho kikainuka. Ameotea. Hata mke wangu, ambaye hajawahi kukubali kwamba mchezaji wetu ameotea, alinyamaza. Shangazi peke yake akasimama juu ya kiti, akakusanya mikono, na kwa sauti iliyofika hadi kwenye mabenchi ya wachezaji akasema, “Ahsante, mwanangu! Mungu akuzidishie! Nilijua hutaniangusha!”

Pakawa na ukimya mfupi, ambao nilitumia kuangalia njia ya kutokea. Kisha kijana mmoja wa safu ya chini akatangaza kwamba mama mzazi wa mshika kibendera ameketi hapa kati yetu. Habari hiyo ilipanda safu kwa safu kwa kasi kuliko moto wa nyasi kavu, na kila safu iliiongezea neno. Ilipotufikia tena kutoka juu, mama mzazi alikuwa amelipiwa nauli ya treni daraja la juu ili aje kumkumbusha mwanawe kazi aliyotumwa. Wakamzomea. Shangazi, aliyedhani wanamshangilia, akawapungia bendera. Mtu mmoja akaniinamia na kuniuliza kwa heshima kama mimi ndiye baba yake kijana wa kibendera. Nilipomjibu kuwa mimi ni mtoto wa kaka yake huyu mama, akawageukia wenzake na kuwaambia kwamba hata binamu yake refa yupo, na amevaa jezi yetu kutuzuga.

Mlinzi akaja. Alikuwa mtu mpole, akataka tu kujua kama maneno yanayosemwa ni ya kweli. Nikafungua mdomo ili nieleze jambo hili tangu mwanzo wake, lakini shangazi akanitangulia. “Ni mwanangu, ndiyo,” akasema. “Wote wanaokimbia pale ni wanangu. Hata wewe ni mwanangu, na hujanisalimia.” Mlinzi akasema shikamoo. Akaitikiwa, akapewa karanga zetu zilizokuwa zimebaki, akaondoka zake, na hatukumwona tena.

Bao likafungwa mwishoni kabisa, na halikuwa letu. Vuvuzela ililia ndani ya sikio langu la kulia, ambalo mpaka sasa ninalitumia kwa mambo madogo tu. Lakini vuvuzela si hoja. Hoja ni kwamba nilipogeuka kutafuta mtu wa kuhuzunika naye, niliikuta safu yetu nzima imesimama na kushangilia. Watu waliokuwa wakimzomea shangazi yangu dakika tano kabla walikuwa wanazivua jezi za jiji, na ndani yake mna jezi za kijani! Yule aliyeniita binamu wa refa alikuwa amemkumbatia shangazi! Ninauliza, na ninataka kujibiwa: mnalipa kiingilio cha mechi kubwa, ambacho ni ghali, mnavaa jezi mbili katika jua lile, mnamtisha mtu na shangazi yake mpaka anafikiria kuruka uzio, kwa faida gani? Si mngekaa upande wenu toka asubuhi? Nikageuka kushoto, walau nimwone mke wangu. Naye alikuwa amesimama. Alinieleza baadaye kwamba alisimama ili aone kwa nini watu wamesimama, na kwa ajili ya amani ya nyumba nimeyapokea maelezo hayo kama yalivyo.

Shangazi hakuondoka Jumapili. Aligundua kwamba timu yake itacheza pia Singida, na kutoka kwetu mpaka Singida ni mwendo wa basi wa asubuhi tu, hivyo itakuwa ujinga kurudi pwani na kuja tena. Akaenda, akarudi, akasema huko wanajua kupokea wageni.

Kabla ya kuagana nasi alimwambia mke wangu kwamba mwanamke mwenye mapafu ya namna ile hapaswi kuishia jukwaani. Maneno hayo yameota mizizi. Mke wangu amejiunga na timu ya kuvuta kamba ya wizara yake, na anajiandaa kwa michezo ya watumishi wa umma, ile ya SHIMIWI, kwa bidii isiyo ya kawaida. Kila jioni kamba hufungwa kwenye mwarobaini wa uani, na mwarobaini ukichoka ninaitwa mimi. Anakula ugali wa uwele kwa maelekezo ya simu kutoka Kariakoo. Kamba yenyewe ndiyo tuliyokuwa tukianikia nguo, kwa hiyo nguo zetu zinaanikwa kwenye uzio wa jirani, ambaye ni mtu wa Msimbazi na ameshaniuliza mara mbili kama mwisho wa mwezi tutakuwa na nafasi, kwa sababu yeye pia anatarajia wageni na magodoro yake hayatatosha.