Kusoma Marekani na kuisomea Marekani

Mpwa wangu ana shahada ya ualimu, masomo yake ya kufundishia ni historia na Kiswahili. Alikuja nyumbani hapa Shela, Malindi, na karatasi alizochapisha saiba, akaniambia: "Mjomba, nataka kusomea Amerika ya Kaskazini, shahada ya uzamili. Lakini chuo chenyewe kiko Ujerumani." Baba yake aliuliza ambalo mzazi yeyote angeuliza: mtu akasomee Wamarekani kwa Wajerumani, kisha arudi aajiriwe na nani? Mzee mmoja tuliyekuwa naye barazani akamalizia: "Mshika mawili moja humponyoka, seuze mshika sita."

Hakutia chumvi. Taasisi ya John F. Kennedy, iliyo ndani ya chuo kikuu cha Freie Universität Berlin, imekusanya taaluma sita chini ya paa moja: utamaduni, fasihi, historia, siasa, sosholojia na uchumi. Uzamili wake ni wa miaka miwili na hufundishwa zaidi kwa Kiingereza. Leiden, Uholanzi, wana kozi ya namna hiyo ya mwaka mmoja. Wanaoitetea husema nchi kubwa haiwezi kueleweka kwa kitabu cha historia peke yake wala kwa hesabu za uchumi peke yake. Wanaoipinga husema unatoka umeonja kila chungu na hujui kupika hata kimoja.

Naanza na hao wa pili, maana hoja yao ina uzito na vijana hawapendi kuisikia. Kenya ukiomba kazi ya kufundisha sekondari, mwajiri anatazama masomo yako mawili. Ukitaka kufundisha chuo kikuu, utaulizwa shahada zako zinahusu idara gani, na "Amerika ya Kaskazini" si idara utakayoikuta Kilifi au Mombasa. Cheti cha ng'ambo sharti kitambuliwe na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na hata kikitambuliwa, yule wa ofisi ya ajira atakayelisoma jina lake huenda hajawahi kuliona. Aliyesomea uchumi au sheria hahitaji kujieleza. Huyu wetu atajieleza kila mahojiano, maisha yake yote ya kazi.

Halafu pesa. Vyuo vya umma vya Berlin havitozi karo, ila mchango wa kila muhula, na neno hilo "bila karo" limewapoteza wengi. Ili upate viza unatakiwa uonyeshe euro 11,904 za mwaka mmoja katika akaunti maalumu unayoruhusiwa kutoa euro 992 tu kwa mwezi. Hicho ndicho kiwango kilichoanza Septemba 2024. Kwa shilingi ni zaidi ya milioni moja na nusu, kabla ya tiketi na koti la baridi. Sheria inamruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka, na akimaliza masomo anapewa miezi 18 ya kutafuta kazi. Hayo ni mema, lakini nyumba za Berlin ni ghali na hiyo 992 haina nafasi ya kuugua wala ya kutuma kitu nyumbani. Leiden nako asiye wa Ulaya hulipa karo, tena kubwa.

Kama hoja ingeishia hapo ningemwambia mpwa wangu abaki. Lakini kuna upande ambao nimeufikiria sana kwa sababu ya mji tunaoishi.

Malindi tumeishi na Waitaliano miongo mingi. Vijana wetu wanakizungumza Kitaliano bila kukanyaga darasa, wamekiokota ufukweni na katika majiko ya hoteli. Lakini umuulize mmoja wao serikali ya Italia inaundwa vipi, au kwa nini sheria ya kodi kule Roma inaweza kumfanya mwenye nyumba pale Casuarina auze ghafla, hajui. Hata mimi sijui. Tunaijua lugha yao na tabia zao mezani, nchi yao hatuijui, na kila wanapoondoka tunashtuka upya.

Kwa Marekani tuko vivyo hivyo, na huko yanayotugusa ni mazito zaidi. Januari 2025 misaada yake ya nje ilisimamishwa, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID likafungwa. Dawa za Ukimwi ambazo mpango wa PEPFAR uligharimia tangu 2003 zikawa suala la wasiwasi katika nyumba nyingi za nchi hii. Watu waliuliza swali moja: rais mmoja anaweza kufanya hivi peke yake? Kulijibu unahitaji sheria ya bajeti ya Bunge lao, historia ya mvutano wa bunge hilo na marais, na hesabu za kura za majimbo ambayo hatujawahi kuyasikia. Hakuna taaluma moja inayobeba yote hayo. Tulikuwa na wachambuzi wengi redioni, waliosomea jambo lenyewe walikuwa wachache mno.

Na Amerika ya Kaskazini si Marekani tu. Kampuni ya kwanza kushika mradi wa madini ya titani ya Kwale ilikuwa Tiomin ya Kanada, kabla mradi haujachukuliwa na Waaustralia mwaka 2010. Waliohamishwa mashamba walijua bei ya mnazi wao. Mwekezaji wa Toronto anaamuaje, hilo hawakuwa na wa kuwaambia.

Swali la kwa nini Berlin lina jibu zuri kuliko nilivyodhani. Taasisi ile ilianzishwa 1963 kwa juhudi za Ernst Fraenkel, mwanasheria Myahudi aliyewakimbia Wanazi akasomea sheria Chicago, kisha akarudi Berlin. Mji ule wakati huo ulikuwa umekatwa kwa ukuta, na upande wake wa magharibi uliishi kwa ulinzi wa wageni, Wamarekani wakiwa mbele. Mtu anayelindwa na mwenye nguvu ana kila sababu ya kumsoma mwenye nguvu huyo. Isitoshe, Wajerumani waliujua ufundi huu zamani, na waliujaribu kwetu. Mwaka 1887, wakati Witu, huku kati ya Malindi na Lamu, iko chini ya himaya yao, walifungua Berlin chuo cha lugha za Mashariki na Kiswahili kikawa mojawapo. Kuanzia 1891 aliyekifundisha pale alikuwa Mzanzibari, Amur bin Nasur. Waliona kwamba ukitaka kushughulika na watu, kwanza uwasome. Nia yao ilikuwa kutawala, na sisi hatuna haja ya nia hiyo. Lakini sioni kwa nini kazi ya kusoma wengine iwe ya upande mmoja milele.

Wakenya walipopelekwa Marekani kwa ndege zile za Tom Mboya, wa kwanza wakiwa wanafunzi 81 mnamo Septemba 1959, walikwenda kusoma Marekani. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy, jina lile lile la taasisi ya Berlin, ulichangia dola 100,000. Walirudi na baolojia, uhandisi na uchumi, na nchi ilivihitaji. Kuisomea Marekani yenyewe ni kazi nyingine. Afrika imeshaanza: Chuo Kikuu cha Witwatersrand kule Johannesburg kina kituo cha kuichunguza Marekani, na ningependa kila kijana anayefikiria Ulaya akitazame hicho pia, kwa sababu ya gharama na kwa sababu pale maswali huulizwa kwa Kiafrika.

Maana hapo ndipo shaka yangu kubwa ilipo. Sitarajii mtaala wa Berlin umfikirie mtu wa Malindi. Ataketi na wenzake wenye maswali ya Ulaya, na asipokuwa na la kwake atarudi amejaa maswali ya watu. Kwa hiyo nilimuuliza mpwa wangu: wewe una nini ambacho wao hawana? Akasema, hana kitu. Nikamwambia ainuke aende kwenye kasha la bibi yake.

Mle mna kipande cha merikani. Kitambaa kile tulikipa jina la nchi iliyokileta. Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Wamarekani 1833, na 1837 wakaweka balozi wao mdogo Unguja, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Meli za Salem zilileta pamba iliyofumwa kwao zikachukua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka kwao 1861, pamba ikaadimika, na merikani ikaanza kupoteza nafasi yake kwa nguo za Uingereza na Bombay. Pamba ile ililimwa na watumwa wenye asili ya Afrika, ikavaliwa Afrika. Na mwaka 1970, tarehe 12 Desemba, kutoka jukwaa la Waitaliano hapo Ghuba ya Ungwana, ilirushwa setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei angani, ikaitwa Uhuru kwa kuwa siku hiyo ilikuwa ya uhuru wetu. Walikuja hapa kwa sababu tuko karibu na mstari wa ikweta. Hapo mna sayansi, mikataba, siasa ya vita baridi na uchumi wa mji mmoja wa pwani, vyote mara moja. Mwanafunzi wa Berlin hana bibi wa kumuuliza habari hizo. Huyu anaye, na Kiswahili anacho.

Basi msimamo wangu ni huu. Aende, kwa masharti. Achague historia iwe mgongo wake na tasnifu yake iwe ya historia wazi, ili yeyote atakayeisoma karatasi yake Nairobi aone mwanahistoria. Hizo tano nyingine ziwe mbavu. Aombe ufadhili kwanza, DAAD, shirika la Ujerumani la kufadhili masomo, wana ofisi Nairobi tangu 1973, na akikosa mwaka huu afundishe, aombe tena mwaka ujao. Barua yake ya maombi iliyoanza na maneno ya kuisifu demokrasia ameshaifuta. Mpya inaanza na kipande cha kitambaa.

Kiwanja cha familia cha Msabaha, kisiuzwe kwa ajili ya safari hii, mimi nimeshasema. Shemeji, baba yake, bado hajanijibu.