Hekima Ingeniachia Walau Mambo Madogo

Mimi sina ugomvi na hekima inapohusu mambo makubwa. Ningeletewa wanawake wawili wanaogombea mtoto mmoja, kama alivyoletewa Sulemani, nadhani ningekaa sawasawa kitini, nikakunja uso na kutafakari kama inavyompasa mwamuzi. Tatizo ni kwamba wanawake hao hawaji. Wanaonijia mimi ni ndugu katika Bwana anayetafuta mdhamini, pamoja na mpendwa mmoja wa kundi letu la simu la kanisa anayetuma maombi ya sauti kabla jogoo hajawika. Nacho kitabu cha Mithali, chenye sura 31 na jina la mfalme mlangoni, ambacho mtu angetarajia kishughulike na mambo ya ikulu, kimejaa watu wa aina hiihii.

Huyo wa maombi ya sauti, kwa mfano, ametajwa waziwazi. Mithali 27:14 inasema kwamba anayembariki rafiki yake kwa sauti kuu asubuhi na mapema atahesabiwa kuwa amemlaani. Nilipokutana na mstari huo nilifurahi kupita kiasi, nikataka kumtumia palepale. Lakini ilikuwa alfajiri, na kumtumia mtu maneno hayo alfajiri kungekuwa kuyatenda. Basi nikaimeza furaha yangu. Hivyo ndivyo hekima inavyomnyima mtu hata starehe za halali.

Lakini shida yenyewe hasa iko katika sura ya 26. Mstari wa 4 unakataza kumjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, usije ukafanana naye; na wa 5, uliopangwa chini yake bila hata nafasi ya kuvuta pumzi, unaamuru ajibiwe, asije akajiona kuwa mwenye hekima. Wahubiri hutueleza kwa utulivu kwamba mistari hiyo haipingani, ila inatutaka tupime mtu na wakati. Naelewa. Ila utulivu huo ni wa watu ambao hawakuwamo kundini usiku ule mpendwa mmoja alipoandika kwamba mwenye imani ya kweli hana haja ya kufunga mlango wake kwa ufunguo, na wenzake wakaanza kuitikia "Amina" mfululizo. Niliandika aya nzima, nikaifuta kwa heshima ya mstari wa 4, nikaiandika upya kwa heshima ya mstari wa 5, na mwishowe nikamwomba tu atutajie nyumba anayoishi. Hakujibu. Kama huko kulikuwa kumjibu au kutomjibu, hata wazee wa kanisa wamegawanyika.

Tuje kwa mdhamini. Ndugu huyo alinivizia baada ya ibada, akanishika mkono wa salamu, kisha akakataa kuuachia.

"Bwana asifiwe, mpendwa. Nina jambo dogo tu, la saini."

Fomu ya mkopo ilikuwa imekunjwa ndani ya Biblia yake, na kwa jinsi alivyoipata haraka, nina hakika hakuwa ameihifadhi katika Mithali 6. Huko aliyemdhamini jirani yake anaambiwa asiyape macho yake usingizi, bali aende akajinyenyekeze na kusihi mpaka ajiponye, kama paa anavyojiponya katika mkono wa mwindaji. Na huyo ni mtu ambaye tayari ameshaahidi. Mimi mkono wangu ulikuwa bado umeshikwa. Nikamwambia kwa upole kwamba sitatia saini, ila kama ana shida ya haraka tunaweza kuzungumza juu ya kile nilicho nacho, kidogo lakini changu. Akanitazama kwa huzuni kubwa, akasema ataniombea nipate moyo wa utoaji. Mwenye busara, inaonekana, hupewa sifa na Biblia na lawama na waumini.

Wapo wanaonishauri niache kuhangaika, kwa kuwa Yakobo 1:5 inaahidi kwamba aliyepungukiwa na hekima aombe kwa Mungu, awapaye wote kwa ukarimu wala hakemei. Naamini, tena naomba. Ila namkumbuka Sulemani huyohuyo, aliyeomba hekima kule Gibeoni akapewa kuliko wote, na baadaye 1 Wafalme 11 inamhesabia wake 700 na masuria 300, nao wakaugeuza moyo wake. Inavyoelekea kupewa ni jambo moja, na kuitumia siku ya Jumanne mchana, mtu anapokuudhi, ni jambo jingine kabisa.

Kinachonichosha zaidi ni kwamba kuna watu hekima huwajia bila jasho. Mithali 17:28 inasema hata mpumbavu akinyamaza huhesabiwa kuwa na hekima, na katika kamati yetu yupo mjumbe anayeishi kwa mstari huo. Sisi wengine tunabishana, tunapima maneno, tunakumbushana kuwa wepesi wa kusikia na wazito wa kusema. Yeye hufumba macho mara tu baada ya sala ya kufungua, huinamisha kichwa, na hupumua taratibu hadi sala ya kufunga. Kikao kilichopita palihitajika mtu wa kuongoza kitengo cha ushauri wa ndoa, na jina lake likapita bila kupingwa. Ilibidi aamshwe ili ashukuru.