Kikombe cha Babu na kipimo cha damu

Mwaka 2011 magari yalijipanga kilomita kwa kilomita kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Ambilikile Mwasapile, maarufu kama Babu, alisema Mungu alimwonyesha ndotoni dawa ya kunywa ya mizizi ya mti wa mugariga. Kikombe shilingi 500, na magonjwa yaliyotajwa hayakuwa ya mafua: kisukari, saratani, UKIMWI.

Wapo waliocheka. Naona waliharakisha. Aliyeambiwa hospitalini kwamba atameza vidonge mpaka anaingia kaburini hahitaji kuwa mjinga ili apande gari kwenda Loliondo. Wengi walirudi wakisema wamepata nafuu, na sina sababu ya kuwaita waongo. Hofu ikimtoka mtu, yeye ndiye wa kwanza kujua. Maabara haina la kumbishia.

Virusi ni habari nyingine. Havijali aliyevibeba anaamini nini, na waliotupa ARV zao, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, walihatarisha maisha. Sukari nayo inaweza kupanda huku mwenyewe akijiona mzima kabisa. Halafu kuna ushuhuda wenyewe: mbele ya waumini husimama aliyepata nafuu. Waliofia kwenye foleni ya Samunge, na walikuwepo, hawakupewa kipaza sauti. Mtafiti hana ruhusa ya kuwaruka.

Watetezi wa Babu walikuwa na jibu zito. Yeye mwenyewe alisisitiza kwamba nguvu haiko kwenye mti, iko kwenye neno la Mungu, na dawa ikitolewa na mwingine haiponyi. Kwa hiyo kupeleka mizizi maabara ni kupima kitu ambacho hakuna aliyekidai. Hapo nawapa haki yao. Ila hoja hiyo inakinga njia ya uponyaji tu, haikingi matokeo. Mungu aponye kwa mzizi au kwa neno, kirusi kilichoondoka hakionekani tena kwenye damu.

Tena wanaoona kupima ni kukosa imani wasome Luka 17. Wakoma kumi walimlilia Yesu, naye akawaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa sheria ya Musa ndio waliokagua ngozi na kutamka nani ametakasika. Walitakasika wakiwa njiani. Aliyetoka Samunge akapitia kliniki kabla ya kuacha vidonge alifuata utaratibu uleule.