Edinburgh isiwasahau wasimulizi wa hadithi

Katika makala niliyoisoma kuhusu Fringe, tamasha la sanaa la kila Agosti mjini Edinburgh, Uskoti, mwandishi amewasifu wachekeshaji na waigizaji, lakini wasimulizi wa hadithi hata mstari mmoja hawakupewa. Imeniuma. Fringe yenyewe ilianza mwaka 1947 kwa vikundi 8 ambavyo havikualikwa kwenye tamasha kubwa la kimataifa la mji huo. Vikaja hivyo hivyo na kujitafutia kumbi. Msimulizi ndiye hasa mtu wa tamasha la namna hiyo: hahitaji mitambo wala mapambo ya jukwaa, anahitaji sauti yake na watu wa kumsikiliza.

Atakayekuwa huko Agosti apite High Street, kwenye kituo cha usimulizi cha Uskoti kilicho ubavuni mwa nyumba ya kale iitwayo ya John Knox, mhubiri wa Uskoti wa karne ya 16. Hadithi nyingi za nchi ile zilitunzwa vichwani na jamii ya Travellers, watu wa kuhamahama. Msimulizi Duncan Williamson, aliyezaliwa hemani kando ya ghuba ya Loch Fyne mwaka 1928, alikuwa mmoja wao. Sisi tuliokuzwa kwa "Paukwa! Pakawa!" hatutakuwa wageni mle ndani. Tafadhali, watoto nao wapelekwe, maana wengi hadithi wanazijua za kwenye simu tu.